Msiba hausubiri uthibitishwe kazini

*Kashikishi, ufukweni mwa Ziwa Mweru, mfanyakazi mpya ana haki nyingi kuliko anavyodhani, na siku chache kuliko ukoo wake unavyotaka.*

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku upande wa Zambia wa Ziwa Mweru ili samaki wazaliane. Kashikishi huishi kwa kubana matumizi miezi hiyo. Machi ikiingia, mambo hugeuka.

Mitumbwi hurudi majini usiku na taa zake kutafuta chisense, samaki wadogo ambao msomaji wa Mwanza au Kigoma angewaita dagaa bila kusita. Wanunuzi huteremka kutoka miji ya migodi ya Ukanda wa Shaba. Wachuuzi kutoka Kilwa na Pweto, ng'ambo ya Congo, hushuka na Kiswahili chao katikati ya soko linalozungumza Kibemba. Biashara ikifufuka, maduka ya jumla, nyumba za wageni na wasafirishaji huhitaji mikono mipya.

Mchukue karani mmoja wa duka la jumla aliyeanza kazi wiki ya pili ya Machi. Hana jina kwa sababu tumemtunga, lakini mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa mkoa wa Luapula atamtambua. Barua yake ya ajira inasema miezi mitatu ya majaribio. Wiki ya sita, saa tano usiku, simu inaita: mama mkubwa, aliyemlea tangu darasa la pili, amefariki Mansa. Mazishi ni keshokutwa.

Mansa iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Asubuhi ni siku ya kuhesabu mali dukani, na waliobaki kazini ni wawili tu, mmoja wao mke wa mwenye duka.

Akiomba ruhusa, anaogopa kuonekana mtu wa visingizio kabla hata hajathibitishwa. Akiondoka bila kusema, amejifukuzisha. Akibaki, ukoo utalikumbuka jambo hilo kwa miaka.

Miezi mitatu kwa mujibu wa sheria

Kazi nchini Zambia inaongozwa na Sheria ya Kanuni za Ajira, Namba 3 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Mei mwaka huohuo na kuwapa waajiri mwaka mmoja wa kujipanga. Ilifuta sheria nne za zamani kwa mpigo, ikiwemo Sheria ya Ajira iliyokuwapo tangu 1965. Polisi, wanajeshi na askari magereza wako nje yake. Wengine wote wa Kashikishi wanaolipwa mshahara na mtu mwingine, kuanzia mhudumu wa nyumba ya wageni hadi dereva wa lori la samaki, wamo ndani.

Kifungu cha 27 kinasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi mitatu. Mwajiri anaweza kukiongeza, lakini nyongeza nayo isizidi miezi mitatu. Katika muda huo anatakiwa kumpima mfanyakazi na kumwambia matokeo. Akiona hafai, anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya angalau saa 24.

Saa 24 ni chache mno. Kenya inataka taarifa ya siku saba kwa aliye kwenye majaribio, na Uganda siku 14 au mshahara wa siku saba badala yake. Hofu ya karani wetu haitokani na woga wake mwenyewe. Imeandikwa kwenye sheria, kwa tarakimu.

Hata hivyo kuna kitu ambacho wafanyakazi wengi hupitiliza wanaposoma kifungu hicho, kama wanakisoma. Saa 24 zinakuja *baada* ya kupimwa. Sheria inazungumzia mtu aliyetathminiwa na kuonekana hafai kwa kazi ile. Haisemi kwamba mwajiri anaweza kumtoa mtu kwa sababu amefiwa. Tena, sheria hiyohiyo inakataza kumwachisha mtu kwa sababu ya kutokuwepo kwa muda kutokana na ugonjwa au jeraha. Zambia iliridhia mwaka 1990 Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao una katazo hilohilo.

> Kufiwa si kigezo cha kumpima karani. Hesabu zake za dukani ndizo kigezo.

Ruhusa zilizopo na zisizokuwepo

Hapa sheria ya Zambia ina mkanganyiko unaostahili kuelezwa taratibu, kwa sababu likizo moja huanza siku ya kwanza ya kazi na nyingine husubiri mwaka mzima.

Likizo ya mwaka haipo kwenye majaribio. Ni siku mbili kwa kila mwezi, lakini haki ya kuichukua inakuja baada ya miezi 12 mfululizo kwa mwajiri mmoja. Mwanamume ambaye mkewe amejifungua anapata siku tano za kazi, ila naye awe ametimiza miezi 12. Anayetaka kumuuguza mume, mke, mtoto au mtegemezi hupewa hadi siku saba kwa mwaka, akiwa ametimiza miezi sita.

Upande wa pili kuna ruhusa zisizotaja muda wowote wa kungoja. Ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe ni wa kwanza: akileta cheti cha daktari, mwenye mkataba wa muda mfupi analipwa mshahara kamili kwa siku 26 za kazi, kisha nusu kwa siku 26 nyingine. Mwenye mkataba mrefu hupata miezi mitatu kamili na mitatu ya nusu.

Msiba ni wa pili. Aliyefiwa na mume au mke, mzazi, mtoto au mtegemezi ana angalau siku 12 zenye malipo kwa mwaka. Sheria inaongeza mlango mmoja mpana: au kwa sababu nyingine ya huruma yenye msingi. Tutaurudia mlango huo.

Na kuna ruhusa ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda hajawahi kuisikia. Mwanamke aliyeajiriwa Zambia ana haki ya kukosa kazi siku moja kila mwezi bila cheti na bila kueleza sababu. Nchini huko huitwa Siku ya Mama, ingawa haimtaki mwanamke awe amezaa wala kuolewa. Ni njia ya heshima ya kuzungumzia hedhi bila kuitaja. Usipoichukua mwezi huu, hailimbikizwi kwa mwezi ujao.

Kisheria, dada aliyeanza kazi mapokezi ya nyumba ya wageni wiki iliyopita anaweza kuichukua wiki hii. Kwa vitendo, katika wiki zake za mwanzo, sitarajii wengi wathubutu. Haki ambayo mtu anaogopa kuidai mbele ya bosi mwenye saa 24 mkononi bado ni haki, lakini haimsaidii kitu akiwa amejikunja nyuma ya kaunta.

Malaria ya baba, malaria ya mtoto

Wilaya ya Nchelenge, ambamo Kashikishi imo, ni miongoni mwa maeneo ya Zambia yanayosumbuliwa zaidi na malaria. Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola na wenzao wamefanya kazi hapo kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo: maji ya ziwa, vinamasi na mbu vipo mwaka mzima, na ugonjwa haupumziki wakati wa kiangazi kama unavyopumzika kusini mwa nchi. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, iliyopo Kashikishi yenyewe, inaufahamu ugonjwa huu kuliko mwajiri yeyote.

Kwa mfanyakazi mpya, maana yake ni kwamba katika miezi mitatu ya majaribio homa itabisha hodi nyumbani kwake. Swali ni itamkamata nani.

Ikimkamata yeye, sheria iko upande wake tangu siku ya kwanza. Aende hospitali, apewe cheti, akilete kazini au akitume na mtu. Ikimkamata mwanawe wa miaka mitatu, sheria inamwambia angoje miezi sita ndipo apate zile siku saba za kuuguza. Mtoto wa umri huo mwenye malaria kali anaweza kuishiwa damu ndani ya siku chache na kuhitaji kuongezewa akiwa amelazwa, na lazima awepo mtu mzima kando ya kitanda, usiku na mchana. Mtu mzima huyo kwa kawaida ni mama, na mama naye siku hizi yuko kazini.

Kuna kipengele kidogo kinachoweza kumwokoa, nacho kimefichwa chini ya zile siku saba. Sheria inampa mfanyakazi siku tatu nyingine za malipo kwa mwaka kwa ajili ya malezi, afya au elimu ya mtoto, mwenzi au mtegemezi. Hapo sharti la miezi sita halikurudiwa. Mzazi aliye kwenye majaribio aombe siku hizo kwa jina lake, kwa maandishi. Akisema tu "mtoto anaumwa", atajibiwa kwamba hajatimiza miezi sita.

> Sheria inamlinda mfanyakazi dhidi ya homa yake tangu siku ya kwanza. Homa ya mwanawe inangoja miezi sita.

Ukoo hauhesabu kama Bunge

Sasa turudi kwa mama mkubwa wa Mansa.

Watu wengi wa Luapula hufuata ukoo wa mama. Dada wa mama ni mama. Wanawe ni ndugu zako kamili, wala hakuna anayekuita binamu yao. Kaka wa mama ana sauti katika ndoa yako, katika mali na katika kumpata atakayerithi jina la marehemu. Msiba ni mahali ambapo mambo hayo hufanyika. Wanaume hulala nje kuzunguka moto, wanawake ndani na mfiwa, na baada ya kuzika ndipo watu hukaa kuzungumzia deni, watoto na urithi. Aliyekosekana huulizwa yuko wapi. Jibu la kwamba yuko kazini hupokewa kwa ukimya, na katika kifo chenye utata ukimya huo unaweza kugeuka maneno mabaya.

Bunge la Zambia limewahi kuukubali ukoo huu kwa namna yake. Sheria ya mirathi ya mwaka 1989, kwa mtu aliyekufa bila wosia, inawapa watoto asilimia 50, mjane 20, wazazi 20 na wategemezi 10. Kwa hiyo aliyekufa anatambuliwa kuwa mtu wa watu wengi. Mfanyakazi aliye hai, kwenye likizo ya msiba, anatajiwa mwenzi, mzazi, mtoto na mtegemezi. Kaka na dada hawakutajwa, bibi na babu pia, achilia mbali mama mkubwa.

Nchi jirani zimechora mipaka kwa kalamu tofauti. Tanzania inatoa siku nne na kuwataja bibi, babu, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa, ila aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo yoyote yenye malipo chini ya sehemu hiyo ya sheria. Congo, ng'ambo ya ziwa hili hili, inahesabu kwa daraja: siku nne akifa mwenzi au jamaa wa daraja la kwanza, mbili kwa daraja la pili, yaani ndugu, babu na bibi. Huko kibarua asiye na ujuzi maalumu anajaribiwa mwezi mmoja tu, wengine hadi miezi sita.

Katika sheria zote tatu, mama mkubwa hayumo.

Zambia peke yake ndiyo iliyoacha ule mlango wa sababu nyingine ya huruma yenye msingi. Mtu aliyelelewa na mama mkubwa tangu darasa la pili ana hoja nzito ya kupita hapo. Akiwa ndiye aliyekuwa akimtumia fedha za chakula na dawa, ana hoja ya pili, ya mtegemezi. Lakini anayeamua kama mlango unafunguka ni mwajiri yuleyule anayempima.

Mwenye duka naye ana hesabu zake

Ni rahisi kumfanya mwajiri kuwa adui wa kisa hiki, na itakuwa uongo.

Hesabu yake ni hii. Karani amefanya kazi wiki sita, siku sita kwa wiki: siku 36. Akichukua siku zote 12 za msiba kwa mshahara kamili, mwenye duka amelipia siku sawa na theluthi ya muda huo bila kumwona mtu. Duka lenye watu watatu likimkosa mmoja msimu wa samaki umeanza, foleni inahamia duka la jirani, na mteja wa jumla akishahama harudi kwa salamu.

Isitoshe, majaribio yana kazi yake. Siku za mwanzo ndizo zinazomwonyesha mwenye fedha kama mtu anafika kwa wakati, kama chenji inatimia, kama anaweza kuachiwa funguo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, na mwenye shamba anataka kuona mistari.

Na wapo waongo. Kila mwajiri wa siku nyingi, popote Afrika Mashariki na Kati, ana hadithi ya shangazi aliyekufa mara mbili. Hadithi hiyo huchekesha mezani, lakini anayeilipia ni yule aliyefiwa kweli, akisimama mbele ya kaunta na kuulizwa kwa jicho la pembeni: marehemu ni nani kwako hasa?

Waajiri wengi Zambia waliipokea sheria ya 2019 kwa manung'uniko kuhusu gharama, hasa kiinua mgongo cha asilimia 25 kwa mikataba mirefu, na baadaye serikali ikatoa misamaha kwa baadhi ya makundi. Mwenye duka dogo wa Kashikishi hana mwanasheria wala ofisa utumishi. Ana daftari na simu. Akiulizwa kuhusu likizo ya msiba, atajibu kwa busara yake, na siku ambayo busara imechoka, atajibu kwa hasira.

Hapo ndipo naona kosa lilipo. Mwajiri na mwajiriwa wanasubiri hadi mtu afe ndipo waanze kujadili kanuni, wakati mmoja analia na mwingine ana wateja mlangoni.

Kuomba ni kazi yenye ufundi

Ruhusa nyingi za majaribio zinajulikana mapema. Mtu ana mtihani wa kurudia mwezi wa tano. Ana miadi ya kliniki kila tarehe 15. Dada yake anaolewa, na yeye ndiye atakayesimama upande wa familia. Mwishoni mwa Julai kuna Umutomboko, sherehe ya Walunda wa Mwata Kazembe huko Mwansabombwe, na baba yake ni mmoja wa wapiga ngoma. Hayo yote yasemwe kabla ya kutia saini, siku ambayo mwajiri bado anakutaka. Ukiyatamka wiki ya tano, yanasikika kama umeyaficha.

Yasiyojulikana nayo yana utaratibu wake. Usimwachie mwenzako akuambie bosi. Piga simu mwenyewe kabla ya saa ya kuanza kazi, umsalimie kwa heshima inayostahili, kisha useme mambo manne bila kuzunguka: nani amefariki na alikuwa nani kwako, mazishi ni lini na wapi, unaomba siku ngapi, na nani atashika nafasi yako. Ukishakata simu, andika ujumbe wenye maneno yaleyale. Simu haina ushahidi, ujumbe unao. Ukirudi, lete kibali cha maziko au cheti cha kifo kabla hujaulizwa.

Idadi ya siku iwe ya kweli. Anayekwenda kisiwani Kilwa au Isokwe, vilivyo upande wa Zambia wa ziwa, ajue kwamba upepo wa kiangazi unaweza kuifunga safari ya mtumbwi kwa siku nzima. Kuomba siku tatu ukatumia mbili kunakujengea jina. Kuomba mbili ukatumia nne, kwa kisingizio cha upepo ambao kila mtu ziwani aliujua, kunakubomolea. Siku 12 ni kiwango cha haki yako. Wiki ya sita ya kazi si lazima uzimalize zote kwa msiba mmoja, na mwaka ungali mrefu.

Kuna pia njia ya katikati ambayo haitumiki inavyostahili. Kwa kuwa sheria inaruhusu majaribio kuongezwa, pande zote mbili zinaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba siku alizokosa mfanyakazi zitaongezwa mwishoni. Mwajiri anapata muda wake kamili wa kumpima, na mfanyakazi anazika mtu wake. Karatasi ya mistari mitano inatosha. Isiwe tu mtego wa kuongeza miezi mitatu mingine kwa ajili ya siku tatu za msiba. Atakayeletewa karatasi ya namna hiyo aulize hesabu kabla ya kusaini.

> Karatasi ya mistari mitano ingewaokoa wote wawili.

Kinachokatazwa kabisa ni kutoweka. Kuendelea kukosa kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi ni miongoni mwa makosa yanayomruhusu mwajiri kufukuza mara moja, na hapo hata zile saa 24 hazihitajiki. Karani aliyepanda basi la alfajiri bila kupiga simu, akidhani msiba unajieleza wenyewe, amemkabidhi bosi sababu ambayo hakuwa nayo.

Akiambiwa asirudi

Tuseme alipiga simu, akaandika ujumbe, akaenda kuzika, akarudi na kibali cha maziko, na mezani akakuta barua ya kuachishwa.

Hatua ya kwanza ni kuisoma. Inasema hafai baada ya kupimwa? Alipimwa lini, kwa kigezo gani, na aliambiwa matokeo? Au inasema wazi kwamba ameachishwa kwa kutokuwepo? Barua ya pili ni rahisi kupingwa kuliko ya kwanza. Ofisa wa kazi wa serikali anaweza kupokea malalamiko na kusuluhisha. Kesi ikibidi ifike Kitengo cha Mahusiano ya Viwanda cha Mahakama Kuu, kuna ukomo wa siku 90, na atakayekaa nyumbani akingoja hasira zipoe atazikuta zimepita.

Nchi nyingine za kanda hazina jibu moja. Tanzania inawaweka wenye chini ya miezi sita nje ya kinga ya kuachishwa isivyo haki. Kenya ilikuwa ikiwanyima walio kwenye majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa, hadi Julai 2021, pale majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini walipotamka, katika shauri dhidi ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kwamba kipengele hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hoja yao ni rahisi kueleweka hata sokoni Kashikishi: mtu aliye kwenye majaribio ni mfanyakazi, na mfanyakazi husikilizwa.

Mwenye duka wa Kashikishi asingoje mahakama imfundishe. Kabla ya Machi ijayo, aandike nusu ukurasa: nani wanahesabika katika msiba, siku ngapi kwa nani, apigiwe nani simu, na ushahidi gani uletwe. Awaweke humo kaka, dada, bibi, na mama mkubwa aliyelea, hata kama ni kwa siku mbili tu. Ausome pamoja na karani mpya siku ya kusaini, kila mmoja abaki na nakala.

Nalo Bunge la Lusaka, siku litakapoifungua tena sheria ya 2019, lianze na siku saba za kuuguza. Sharti la miezi sita liondolewe kwa mzazi mwenye mtoto aliyelazwa na cheti cha daktari mkononi. Cheti kinatosha kuwazuia waongo.